Chesti Peke Yake Haikubebi: Changanya Tizi, Mwana Boyoma

Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani yenyewe, na nyinyi wa Lubunga ng'ambo ya mto: kaeni rada. Leo tunabonga mwili. Bodi. Nzoto. Hiyo mali unatembea nayo kila siku na bado unaipa huduma ya kubahatisha.

Stori ni hii, naiweka mezani mapema. Ukipiga tizi ya aina moja tu, kila siku, mwaka mzima, unajibania. Iwe futingi, iwe pompaji, iwe vyuma. Miezi ya kwanza unawaka, mtaa unakuita mzito. Halafu mwili unazoea. Halafu unalala. Halafu unaanza kuuma. Msee anayechanganya, leo mbio, kesho baisikeli, keshokutwa kasia, huyo anawaka na anaendelea kuwaka. Na Kisangani, masta, ina kila kitu cha kuchanganya. Bure. Au bei ya soda.

Tuanze na aibu, ju aibu inafundisha haraka. Kila kwartie iko na wasee watatu. Unawajua. Wanajijua.

Wa kwanza ni Msee wa Pompaji. Asubuhi pompaji. Jioni pompaji. Simu ikichaji, pompaji. Chesti imetoka, mikono imejaa, kila selfi ni ya kuanzia kiunoni kwenda juu. Lakini cheki venye anasimama: mabega yamejikunja mbele, mgongo umepinda, shingo imetangulia. Sababu si uchawi. Pompaji inasukuma, haivuti. Misuli ya mbele inakaza, ya nyuma inalala, na mabega yanafuata upande wenye nguvu. Miguu je? Miguu hatuiongelei. Jua linachoma mpaka lami inalainika na yeye yuko ndani ya suruali ndefu. Mtaa mzima unajua kwa nini.

Wa pili ni Msee wa Futingi. Barabara ileile, spidi ileile, saa ileile, jezi ileile. Mapafu safi, hilo tunampa. Sasa muulize muundi wake unasemaje. Ukikimbia, kila mguu unapotua unapokea pigo la mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Uko na kilo 70? Basi kila hatua ni kama kilo 140 mpaka 210 zinashuka kwenye mguu mmoja, na kilometa moja ni hatua kama elfu moja. Moyo na mapafu yanajijenga ndani ya wiki chache. Mifupa na kano zinataka miezi. Donk mapafu yanasema twende, mfupa unasema ngoja, na yeye anasikiliza mapafu tu. Mwisho wa mchezo yuko kwenye kiti cha plastiki, mguu juu, anahesabu wenzake wakipita.

Wa tatu ni Msee wa Chuma. Huyu analipa. Ako na mkanda wa ngozi, ako na glovu, ako na chupa ya kutikisa. Akinyanyua, jimu yote inageuka. Heshima. Lakini panda naye ngazi mkibonga: ghorofa ya pili stori imekatika katikati. Mwite kwenye boli Jumamosi: dakika ya nane ameomba kuwa kipa.

Wote watatu wako na bidii, na bidii hatuichezei. Shida ni ratiba ya mstari mmoja.

Sasa sikiza mwili unafanya nini huko ndani. Mwili ni mjanja na ni bahili. Ukiupa kazi mpya, unashtuka. Misuli inachubuka kidogo kidogo, unauma siku moja mpaka tatu, halafu inajengwa tena ikiwa na nguvu zaidi. Hiyo ndiyo faida. Ukirudia kazi ileile kwa uzito uleule, mwili unajifunza kuifanya kwa nguvu kidogo, na hauoni tena sababu ya kujenga chochote. Ndiyo maana pompaji zako 50 za leo hazikupi kile zilikupa mwezi wa kwanza. Hapo una njia mbili: ongeza ugumu, au badilisha kazi. Mjanja anatumia zote mbili.

Moyo nao una tabia yake. Haujali kama unakimbia, unapiga kasia au unakata ndombolo kwenye harusi ya binamu. Unaona kazi, unasukuma damu. Kwa hiyo siku muundi unalalamika, panda baisikeli: moyo unaendelea kupata kazi yake, mguu unapata likizo. Wiki inakwisha na hujarudi nyuma hata kidogo.

Misuli iko tofauti. Misuli inajenga kile tu inachofanyishwa. Baisikeli haitakufunza kuruka, kuogelea hakutakupa mapaja ya kupanda kilima. Kama ndoto yako ni marathoni, basi mbio zibaki nyingi kuliko vyote. Zile zingine zinakulinda usivunjike kabla ya siku yako. Kama ndoto yako ni kuwa fiti tu, kupendeza, kubeba kreti za bia kwenye sherehe bila kuomba msaada, basi changanya bila huruma.

Na usidhani haya ni maneno ya vijiwe vya Mangobo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na juu ya hapo afanyie misuli yote mikubwa kazi angalau siku 2. Soma tena hapo kwa "na juu ya hapo". Hata Geneva, kwenye ofisi zao za baridi, wanajua mbio peke yake haitoshi na chuma peke yake haitoshi.

Bon. Historia kidogo, na ni ya kwetu.

Mwaka 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana Kinshasa tarehe 25 Septemba. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasukumwa mpaka 30 Oktoba. Sasa cheki hii: tarehe hiyohiyo 25 Septemba 1974, huko San Diego, Marekani, watu 46 walijitokeza Mission Bay kwenye shindano la kwanza la aina yake kuitwa triathloni. Kukimbia, kuendesha baisikeli, kuogelea, siku moja, mtu mmoja. Wakati huo walikuwa kundi la wasee waliochoka kukimbia tu. Mwaka 2000, Sydney, mchezo huo ukaingia Olimpiki: kilometa 1.5 majini, 40 kwa baisikeli, 10 kwa miguu.

Na Ali? Ali alikuwa amepiga kambi N'Sele, kando ya mto huuhuu unaopita kwetu. Anakimbia giza halijatoka. Anaruka kamba. Anachapa begi. Anapigana na wenzake wa mazoezi na kuwaachia wamchape mbavu, azoee. Alikuwa na miaka 32, Foreman 25, na Foreman alikuwa na ngumi nzito kuliko mtu yeyote wakati huo. Raundi ya 8, Foreman chini. Mabondia walijua kitambo: ngumi peke yake haishindi ngumi. Unataka mapafu, unataka miguu, unataka tumbo la kupokea.

Tuendelee, mifano iko mingi. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alicheza boli kabla basketi haijamnasa akiwa tayari kijana mkubwa. Akaenda NBA, misimu 18, beki bora wa ligi mara 4, bloku 3,289. Nani peke yake yuko juu yake kwenye orodha ya bloku? Hakeem Olajuwon wa Lagos, bloku 3,830, naye alikuwa kipa wa boli na mcheza handiboli kabla ya kushika basketi. Namba moja na namba mbili wa muda wote, wote Waafrika, wote walitoka mchezo mwingine. Ile miguu myepesi ya Olajuwon iliyowazungusha majitu ya Marekani ilifunzwa uwanjani, kwa mpira wa miguu.

Kipchoge naye. Yule jamaa aliyepiga umbali wa marathoni pale Vienna 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kambi yake ya Kaptagat haiishi kwa kilometa peke yake. Kuna vipindi vya nguvu na balansi, kazi ya nyonga na tumbo na mgongo. Kama mtu mwenye miguu hiyo anaona mbio haitoshi, wewe unayezunguka raundi mbili kando ya Stade Lumumba unabisha nini?

Hapa ndipo bazee wa kwartie wanaingia. Wamekaa kwenye viti vyao vya mianzi tangu asubuhi, redio iko pembeni, na kila ukipita wana swali lilelile. "Eh mutoto, nani anakufukuza?" Kila siku! Ukipita na baisikeli: "Eh mutoto, nani anakutuma?" Ukipita na kasia begani: "Eh mutoto, samaki iko wapi?" Kwa bazee, jasho bila mshahara ni ugonjwa. Ukiruka kamba wanauliza kama umerogwa. Wasalimie kwa heshima, jambo muzee, jambo mama, halafu endelea. Swali lao halina jibu na hawalingojei.

Sasa tuje kwa utamu. Kisangani inakupa nini?

Kasia kwanza. Nenda Wagenia. Pale maporomoko ya Boyoma yanamalizia safari yake: maporomoko 7, zaidi ya kilometa 100 kutoka Ubundu, na la mwisho liko mlangoni petu. Watalii wanaenda kupiga picha. Wewe nenda ukasome miili. Cheki mvuvi anaposimama wima kwenye mtumbwi, kasia refu mkononi, mto unamsukuma na yeye anasukuma mto. Hapo mgongo unavuta, tumbo linashika, nyonga inazunguka, miguu inatafuta balansi, na hakuna kiungo kinachopigwa kwenye lami. Halafu mtazame akipanda zile nguzo zilizosimikwa kwenye miamba, zimefungwa kwa kamba za msituni, aning'inize mgono mkubwa kuliko yeye mwenyewe ndani ya maji yanayonguruma. Kupanda, kuvuta, kuning'inia, kupiga mbizi. Mgongo wa mvuvi wa Wagenia haujapitia jimu yoyote, na Msee wa Chuma akiuona anavaa shati.

Kasia ndiyo dawa ya Msee wa Pompaji. Kinachovuta kinarudisha mabega nyuma. Ongea na mwenye mtumbwi, mpe kitu kidogo, mwombe akufunze sehemu tulivu. Na hapa naongea nikiwa makini kabisa: usiingie kwenye mkondo peke yako, usipande nguzo za watu bila wenyewe, na kama huwezi kuogelea, ukingo ndio mwisho wako. Ule mto haujui jina lako. Wenyewe wamezaliwa humo na bado wanauheshimu.

Huna mtumbwi, huna rafiki mwenye mtumbwi? Bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na kitu. Inama, mgongo unyooke, vuta bidoni mpaka mbavuni, shusha polepole. Mara 10, badilisha mkono. Hiyo ni kasia ya nchi kavu. Na ukimaliza, maji yapeleke nyumbani, mama atafurahi na atakuuliza kama uko mgonjwa.

Pili, toleka. Hapa Kisangani tumepanda toleka tangu utoto. Kiti cha sponji nyuma, dereva anakanyaga, mji unasonga. Miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu na magari yamekufa, ni baisikeli zilizobeba mji huu mgongoni: watu, mihogo, mafuta ya mawese, wagonjwa kwenda hospitali. Saa hizi piki zimechukua wateja wengi, na masharobaro wanaona baisikeli ni ya kizamani. Masharobaro wamekosea. Baisikeli inajaza mapaja, inafungua mapafu, na goti halipigwi. Unataka ugumu? Mpakie beshte yako mnene nyuma, vuka kutoka Makiso mpaka daraja la Tshopo, rudi. Hapo ndipo utajua kwa nini dereva wa toleka alikuwa na mashavu ya miguu ya chuma na hakuwahi kujisifu.

Baisikeli haina aibu. Aibu ni kukodi piki kwenda jimu iliyo mita mia tano, halafu unafika unapanda baisikeli ya kusimama. Masta. Kweli?

Tatu, na vijana wa kiume kaeni sawa: nzango. Ndiyo, nzango. Mchezo wa mabinti, kutoka viwanja vya shule vya Kongo zote mbili. Timu mbili zinatazamana, wachezaji 11 kila upande, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, halafu mguu unarushwa mbele na pointi inategemea kama miguu imelingana au imepishana. Mwaka 2015 nzango ilionekana kwenye Michezo ya Afrika pale Brazzaville. Wewe ulikuwa unacheka pembeni.

Sasa jaribu dakika tatu. Ruka, tua, soma mguu wa mwenzako, amua, rusha, ruka tena. Kuruka na kutua kunaipa mifupa sababu ya kuwa migumu, mashavu ya miguu yanajifunza kulipuka, ubongo na mguu vinajifunza kuelewana haraka. Makocha wakubwa wa basketi na riadha wanawalipisha watu hela nyingi kuwafundisha kuruka. Dada yako wa darasa la sita aliifanya kazi hiyo kwa kuimba. Ukiona mabinti wa mtaa wanacheza nzango jioni, omba nafasi kwa adabu. Utapigwa. Kubali. Rudi kesho.

Nne, vile vitu viko kila mahali: boli ya mchangani, kamba ya kuruka, ndombolo. Boli inakupa mbio za kukata na kusimama, kulia, kushoto, nyuma, vitu ambavyo Msee wa Futingi havijui kwa sababu yeye anajua mbele tu. Kamba inatosha kwenye kichochoro. Ndombolo, kama unacheza kweli na si kusimama ukinywa, inafanyisha nyonga na tumbo kazi mpaka kesho yake unacheka ukishika mbavu.

Sasa tuongee mbongo, ju hapa wasee wanaliwa.

Mji wetu uko mbali. Kinshasa ni kama kilometa 1,700 za mto. Kitu kikifika hapa kimepanda boti wiki nyingi au kimepanda ndege, na nauli yake imeandikwa kwenye bei. Kwa hiyo ile ndoo ya poda ya protini yenye picha ya mzungu aliyevimba, unalipia poda, unalipia ndege, unalipia na mzungu. Wacha hiyo. Samaki wako hapa. Maharage yako hapa. Karanga ziko hapa. Mbinzo wakavu wako sokoni, na wamejaa protini. Unataka nguvu ya kukimbia asubuhi? Lituma. Unataka madini? Sombe. Mbinzo na lituma, halafu ulale masaa nane kamili. Hiyo ni poda ya Boyoma.

Ndula nazo. Zile feki zenye nembo kubwa kuliko soli, achana nazo, zinaua muundi wako kwa staili. Afadhali mtumba wenye soli laini ambayo bado inarudi ukibonyeza kwa kidole. Na hapa kuchanganya kunakuokolea doh: kwenye mtumbwi huhitaji kiatu, nzango watu wanapiga hata peku, baisikeli unapanda na kandambili zilizofungwa vizuri. Kiatu kizuri kinatumika siku mbili kwa wiki tu, kinadumu.

Jimu? Kama una hela, lipa, lakini usilipie picha. Kama huna, bidoni, ngazi, tawi la mwembe la kuning'inia. Mwembe haudai ada ya mwezi.

Jua na mvua pia vina neno. Sisi tuko juu kidogo tu ya ikweta, nusu digrii. Joto na unyevu ni mwaka mzima. Hewa ikishiba maji, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisipokauka halikupoozi. Kwa hiyo mbio ni alfajiri, saa 12 hivi, kabla jua halijawa na hasira. Adhuhuri ni ya kivuli. Mvua nayo haina mwezi wa kupumzika kwetu. Msee wa tizi moja akiona mvua anarudi kulala. Msee anayechanganya anaona mvua, anasema poa, leo ni siku ya kamba na bidoni barazani. Tope haliwezi kuharibu ratiba yenye milango mitano.

Ratiba yenyewe? Chukua hii, irekebishe.

Jumatatu, kuvuta: kasia au bidoni, halafu ning'inia kwenye tawi. Jumanne, mbio nyepesi, spidi ya kubonga. Ukishindwa kubonga, punguza. Jumatano, baisikeli, saa moja, daraja na kurudi. Alhamisi, kusukuma na miguu: pompaji, kuchuchumaa na bidoni kifuani, ngazi. Ijumaa, pumzika, na kupumzika ni kazi, mwili unajengwa ukilala. Jumamosi, boli au nzango. Jumapili, futingi na mbogi nzima, mnaimba, mnapita mbele ya viti vya mianzi makusudi.

"Eh batoto, nani anawafukuza?"

Hakuna mtu, muzee. Jambo. Siku njema.

Sheria ni chache. Moja: kitu kipya unaanza kidogo. Moyo wako wa futingi utakudanganya uko tayari kupiga kasia masaa mawili, lakini mabega yako ni mageni huko. Anza dakika 15. Mbili: maumivu ya misuli ya siku moja mpaka tatu ni kawaida, maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayochoma hata ukitembea, si kawaida. Hapo simama, muone daktari. Kuvumilia hapo si ushujaa. Tatu: siku mbili ngumu zisifuatane. Nne: usibadilishe kila kitu kila siku mpaka hujui kama unaendelea. Shikilia ratiba wiki sita hivi, ongeza uzito au muda kidogo, halafu badilisha sehemu yake. Kuchanganya si fujo. Kuchanganya ni mpango.

Na sababu ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo kubwa: kuchoka kwa akili. Wengi hawaachi tizi ju mwili umeshindwa. Wanaacha ju wamechoshwa. Barabara ileile, ukuta uleule, hesabu ileile. Ukibadilisha, Jumatano haifanani na Jumanne, una watu wapya wa kukutana nao, wavuvi, madereva wa toleka, mabinti wa nzango, na kila mmoja anakuzidi kwenye kitu chake. Hiyo inakushusha na inakuamsha. Msee anayetaka kujua Jumamosi atapigwa au atapiga, huyo haachi.

Kwa hiyo, ndeko, wiki hii chagua moja tu ambayo hujawahi kufanya. Ile unayoichekelea ndiyo hasa unaihitaji: mwili wako umeikwepa miaka yote, ndiko udhaifu wako umejificha. Tafuta mtu wa mtaa anayeijua, msalimie, mwambie akuonyeshe. Lete na beshte, ju peke yako utaahirisha. Jumatatu, saa 12 asubuhi. Usichelewe.